Laini Saba Ndani ya Nyumba Moja, na Bibi Hakupatikana

Leo tunataka kuzungumza habari ya simu. Si simu gani inapiga picha nzuri, bali simu ya nyumba: nani anaipokea, inakaa wapi, na anayetafutwa akiwa ni mzee wa chumba cha ndani, khabari yake inamfikiaje. Tumejifunza somo hili kwa machungu, na tumeona tusilifiche, maana tunajua nyumba nyingi za hapa Kilwa ziko kama yetu.

Sisi ni ndugu watatu wa kike pamoja na wifi yetu, mke wa kaka. Tunaishi Kilwa Kisiwani na Mama na Bibi mzaa mama. Nyumba yetu ni ya kizamani kidogo, ukuta mnene wa mawe na chokaa, ukumbi mrefu, uani kuna jiko, na mbele Mama ana kiduka chake cha unga, sabuni na mafuta ya taa. Chumba cha Bibi ni cha mwisho, karibu na uani. Bibi hatembei vizuri tena. Asubuhi tunamtoa barazani, anasuka ukili wake taratibu, jioni tunamrudisha. Anatuita sote "mke mwenzangu", kama kawaida ya mabibi, na akikasirika anasema atatuandikia talaka kwa niaba ya marehemu Babu.

Sasa hesabuni nasi. Kaka alikuwa na simu yenye laini mbili. Mama alikuwa na simu ya duka, laini mbili. Dada yetu mkubwa, simu moja laini moja. Mdogo wetu, simu ya tundu moja lakini laini mbili, anazibadilisha kufuata bando la bei nafuu. Simu nne, laini saba. Mtu angesema nyumba hii ina mawasiliano kuliko ofisi ya wilaya.

Usiku wa khabari

Ilikuwa Mfungo Tano. Bibi alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, aliyeishi Kilwa Kivinje. Walikuwa wamebaki wawili tu katika ndugu saba. Bi mdogo huyu aliugua ghafla mchana, akafariki kabla ya Magharibi. Watoto wake wakaanza kupiga simu.

Kwanza walipiga namba ya Bibi. Ndiyo, Bibi alikuwa na namba, ya miaka mingi, iliyoandikwa kwenye daftari za jamaa zote kuanzia Songo Songo hadi Lindi mjini. Lakini simu yake iliingia maji, na sisi tukaona mzee hana haja ya simu, nani atampigia? Laini ile tukampa Kaka, akaiweka kwenye tundu la pili la simu yake. Kaka jioni ile alikuwa baharini, na simu imezima chaji.

Wakapiga kwa Mama. Simu ya Mama ilikuwa dukani, imefungiwa ndani, inachajiwa kwa sola. Wakapiga kwa dada mkubwa mara nne. Yeye alikuwa ameitia kimya kwa ajili ya sala ya Ishaa, akasahau kuirudisha sauti, akalala. Wakapiga kwa mdogo wetu, wakaambiwa namba haipatikani, kwa sababu laini wanayoijua jamaa ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, na iliyokuwa kwenye simu ni ile ya bando.

Asubuhi, kwenye saa nne, nahodha wa mashua iliyotoka Masoko alipita mlangoni kutupa pole. Alidhani tunajua. Mazishi yalikuwa yamekwisha saa tatu.

Tulipoingia kwa Bibi kumwambia, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Walipiga simu?" Tukamjibu, "Walipiga, Bibi." Akauliza, "Nani alipokea?" Hatukuwa na jibu. Hakutugombeza. Alisema tu, "Ningemwona uso wake," akageukia ukutani. Tungependelea atugombeze.

Tulimpeleka Kivinje siku ile ile, tukambeba kumpandisha mashuani na kumshusha, akakaa matanga na watoto wa mdogo wake. Lakini kitu kilichopita kilikuwa kimepita.

Zawadi ya kutoka Kariakoo

Jamaa yetu aliyeko Dar es Salaam aliposikia kisa hiki akatupigia. Akasema dawa anayo. Kariakoo kuna maduka yanauza mitambo midogo ya simu, ile inayotumika ofisini na kwenye nyumba za wageni: kisanduku kimoja ukutani, laini za nje zinaingia humo, na nyaya zinatoka kwenda kwenye simu za mezani vyumbani. Kwa mfano Panasonic walikuwa na mtambo mmoja ambao ukinunuliwa bila nyongeza ulipokea laini 3 za nje na simu 8 za ndani. Mtu akipiga, simu zote zinaweza kulia pamoja, au ianze ya ukumbini, isipopokewa ihamie ya uani. Na chumba kimoja kinaweza kupiga chumba kingine bila kulipa hata senti. Bibi akitaka maji, anabonyeza namba mbili tatu, jikoni kunalia.

Tulifurahi, msitucheke. Tuliona kabisa simu nyekundu juu ya meza ya Bibi. Wifi alikwisha chagua na kitambaa cha kuifunikia.

Lakini Mama ni mfanyabiashara, hanunui kitu bila kukigeuza upande wa chini. Akatuuliza maswali matatu, na tunayaweka hapa kwa sababu yatawafaa wengine wanaofikiria mtambo wa namna hii.

Swali la kwanza: laini za nje zitatoka wapi? Mitambo hii ilitengenezwa kwa ajili ya simu za waya, zile za TTCL zilizokuwa zikifika kwenye nguzo. Kwetu waya haufiki. Kuna njia ya kuzunguka, kile kisanduku kinachowekwa laini ya simu ya mkononi ndani yake kikajifanya ni waya wa nje, lakini hicho ni kifaa cha pili, na kila laini inataka chake, au ununue kikubwa chenye matundu mengi.

Swali la pili: umeme. Mtambo unataka umeme saa ishirini na nne, kwa kuwa simu za ndani zinakula kutoka kwake. Ukizima, nyumba nzima imezima. Sisi tunatumia sola ya kawaida, taa chache na kuchaji. Mama akatukumbusha Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuja pwani yetu. Jua hatukuliona, upepo na mvua, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika pale Somanga. Siku zile ndizo tulizozihitaji simu kuliko siku nyingine zote, na betri ya sola ndiyo iliyokuwa hoi. Kilichotusaidia ni kitochi cha jirani, kilichokaa na chaji siku kadhaa.

Swali la tatu: fundi. Kikiharibika, nani anakijua hapa? Tumfuate Masoko, tumpeleke Dar, au tukitazame ukutani kama saa mbovu?

Hatusemi mtambo ule ni mbaya. Mwenye nyumba ya wageni Masoko, mwenye umeme wa gridi na vyumba kumi, angefaidika nao sana. Kwa nyumba yetu haukuwa wake. Tukamwambia jamaa yetu ahsante, Mungu akuzidishie, lakini ngoja kwanza.

Kila mtu na yake?

Njia ya pili ilikuwa rahisi kusema: kila mtu awe na simu yake, mambo yaishe. Lakini tukajiuliza, usiku ule kulikosekana simu? Zilikuwepo nne. Kilichokosekana ni simu ambayo kazi yake ni kupokelewa. Simu zetu zilikuwa za biashara, za bando, za picha. Hakuna iliyokuwa ya mlango.

Zamani, wazee wetu wa kisiwa hiki walipokea khabari kwa majira ya upepo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuja na chombo, na hata barua ilingoja kaskazi ije au kusi ianze kuvuma. Mtu hakulaumiwa kwa khabari kuchelewa. Leo khabari inafika kwa nukta moja mpaka mlangoni kwetu, halafu inakuta mlango umefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Hilo si kosa la upepo.

Tumefundishwa toka utotoni kwamba mgeni anabisha hodi mara tatu, akikosa jibu arudi zake, asichukie. Lakini mwenyeji naye ana wajibu wa kusikia. Jamaa wa Kivinje walibisha hodi zaidi ya mara tatu.

Kwanza tulipima mtandao

Basi tukaamua tuunde mtambo wetu wenyewe kwa simu ndogo. Kitu cha kwanza kilikuwa kujua mtandao gani unakamata wapi ndani ya nyumba. Tanzania tuna Vodacom, Airtel, Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo, Halotel na TTCL. Tuliazima laini kwa majirani, tukapita nazo chumba kwa chumba: asubuhi, adhuhuri na baada ya Ishaa. Mdogo wetu aliandika kwenye daftari vijiti vingapi, na simu ikipigwa inaita au haiiti.

Tuligundua mambo ambayo kwa miaka yote hatukuyaona. Ukumbini mitandao mitatu ilikamata vizuri. Jikoni miwili. Chumbani kwa Bibi, ambako kuta ni nene na dirisha ni dogo, ni mmoja tu ulioita kila mara, na hata huo ulitaka simu ikae dirishani upande unaotazama Masoko, si chini ya mto. Laini ya Bibi ya miaka mingi, kwa bahati njema, ilikuwa ya mtandao huo huo.

Hatutautaja mtandao ulioshinda, kwa sababu nyumba ya jirani yetu, hatua arobaini tu kutoka hapa, walipopima walipata jibu jingine. Pimeni wenyewe. Na kama namba yenu ya zamani iko kwenye mtandao usiokamata, kumbukeni kwamba tangu mwaka 2017 hapa nchini mtu anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake ile ile. Hakuna haja ya kuwapoteza jamaa kwa sababu ya mnara.

Mambo ya laini mbili

Tukanunua vitochi viwili vipya vya laini mbili, Masoko, sokoni. Wengi hatujui jambo hili kuhusu simu hizi: laini mbili si simu mbili. Zikiwa zimetulia, zote zinangoja. Lakini ukianza kuongea kwenye laini ya kwanza, mara nyingi ya pili inazibwa, na anayepiga anaambiwa haupatikani. Kwa hiyo dada akiongea na shoga yake nusu saa kwa laini ya bando, laini ya jamaa imekufa nusu saa hiyo hiyo.

Dawa yake ipo, nayo haihitaji kununua kitu. Ni kuelekeza simu, yaani kuuambia mtandao: namba hii isipopatikana, ipeleke kule. Vitochi vyote vinaweza. Unapiga nyota mbili, halafu tarakimu, nyota, namba unayoielekeza ukianza na +255, halafu reli, kisha unabonyeza kupiga. Tarakimu zenyewe ni hizi:

61 ni kwa simu inayoita bila kupokewa. 62 ni kwa simu iliyozimwa au isiyopatikana. 67 ni kwa simu iliyo na maongezi. Hivyo, kwa mfano, **62*+255 na namba yenyewe, halafu #. Ukitaka kufuta yote, unapiga ##002#. Kwa ile 61 unaweza hata kuchagua iite sekunde ngapi kabla ya kuhama, kuanzia 5 hadi 30. Bibi anachukua muda kuinyanyua, kwa hiyo yake tuliipa 30.

Angalizo mbili. Kipande cha safari kutoka simu ya kwanza kwenda ya pili hulipiwa na laini iliyoelekeza, kwa hiyo laini hiyo iwe na salio au dakika za mitandao yote, la sivyo haitahama. Na msiunde duara: wa kwanza aelekeze kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, wa tatu asirudishe kwa wa kwanza.

Kwetu msururu ni huu. Namba ya Bibi isipopokewa inakwenda simu ya nyumba, inayokaa ukumbini juu ya kabati, imefungwa kamba kama kalamu ya posta ili isitembee. Simu ya nyumba isipopokewa inakwenda ya Mama, na ya Mama usiku hailali tena dukani. Kwa hiyo leo mtu wa Kivinje akipiga namba ile moja ya kwenye daftari lake, amebisha milango mitatu.

Laini ni ya nani?

Hapa ndipo palikuwa pagumu, na si pa kiufundi.

Ili namba irudi kwa Bibi, Kaka alipaswa kuiachia. Naye alikwisha izoea. Wanunuzi wake wa samaki Masoko wanaijua, na pesa zake zinaingia humo. Zaidi ya hapo, kwa karatasi laini ilikuwa yake. Wakati ule wa kusajili laini kwa alama za vidole, kabla zile zisizosajiliwa hazijaanza kuzimwa Januari 2020, tulimpeleka Bibi kwa wakala, na vidole vyake vikakataa. Mtu aliyesuka ukili na kulima muhogo miaka sitini, ncha za vidole zimelainika kama kokoto ya pwani. Mashine haikuona kitu. Kaka akaweka chake ili namba isipotee. Alifanya wema, na tulimshukuru. Lakini baadaye, kidogo kidogo, amana ikageuka kuwa mali, bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Tulipomwambia, alisema, "Lakini Bibi anaihitaji ya nini? Mpeni nyingine mpya, zote zinaita."

Wifi yetu ndiye aliyemjibu mumewe, kwa upole, mbele yetu sote. "Wale watu saba wa kwenye daftari la Bi mdogo hawataijua mpya. Na nusu yao hawajui kusoma ujumbe. Namba ile ndiyo jina lake kwao."

Kaka alitoka nje. Tulimsikia akizungumza na mashua yake, anavyofanya akiudhika. Alirudi baada ya Alasiri akasema siku ya Jumatatu atampeleka Bibi Masoko.

Wakaenda. Dukani walimjaribu kidole gumba, wakamjaribu cha shahada, wakamwosha mikono kwa maji ya uvuguvugu, wakamfuta, wakangoja. Kidole cha kati cha mkono wa kushoto ndicho kilichokubali. Bibi anasema Mwenyezi Mungu alimbakishia kimoja. Kaka alikuwa amezitoa pesa zake na kuwatumia wateja wake namba nyingine, na kwa wiki mbili tatu alipoteza oda kadhaa. Hakutulalamikia. Tunaliandika hili ili nayo ihesabiwe, kwa sababu katika visa vya namna hii huwa tunamsifu mwenye wazo tukamsahau aliyelipa.

Nanyi mkitaka kujua laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chenu, pigeni *106# mtazame. Sisi tulipopiga tulikuta mmoja wetu ana laini ambayo hakumbuki hata kuinunua, akaenda kuifuta.

Adabu za simu ya nyumba

Simu ya watu wengi inataka adabu, kama choo cha watu wengi. Tulikaa tukakubaliana mambo machache.

La kwanza, simu ya nyumba haiwekwi pesa. Kila mtu pesa zake ziko kwenye laini yake na namba yake ya siri anaijua mwenyewe, na Bibi vivyo hivyo. Za Bibi ni za mikeka, na zile anazotumiwa na mwanawe aliyeko Muscat. Hatumkumbushi namba ya siri kwa sauti mbele ya watu. Akitaka kutoa, mmoja wetu anakwenda naye kwa wakala au wakala anaitwa barazani, na Bibi mwenyewe ndiye anayebonyeza.

La pili, matapeli. Bibi alipopata simu, wiki haikuisha akapata ule ujumbe maarufu wa ile pesa itume kwenye namba hii. Alituita akauliza, "Mke mwenzangu, nani huyu ninayemdai?" Ujumbe kama huo tunautuma kwenda 15040, kisha tunaufuta. Kanuni ya nyumba ni fupi: pesa haitumwi mpaka sauti ya mtu tunayemjua isikike.

La tatu, kipaza sauti. Bibi hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake inawekwa sauti kubwa. Anayepiga ana haki ya kujua. Kwa hiyo tukimsaidia kupokea, neno la kwanza baada ya salamu ni, "Tuko na Bibi hapa, na sisi tunakusikia." Mara nyingine mtu anasema, "Basi naomba niongee naye peke yake," nasi tunatoka. Siri za wazee si zetu kwa sababu tu sisi ndio tunaobonyeza kitufe.

La nne, anayepokea anaandika. Daftari liko pale pale kwenye kabati. Jina, saa, na alichosema. Hakuna tena "mtu mmoja alipiga, nimesahau nani".

La tano, mwenye kuingia zamu ya usiku anahakikisha simu mbili zina chaji na zina sauti kabla ya kulala. Tunafanya baada ya Ishaa, tukitoka kuswali. Simu tunaitia kimya kwa heshima ya sala, basi na kuirudisha sauti kuwe sehemu ya kumaliza sala.

Bipu za Bibi

Lile la mwisho hatukulipanga sisi, alilipanga Bibi mwenyewe.

Mnakumbuka tulivyoutamani ule mtambo wa Kariakoo kwa sababu chumba kinaweza kukipigia chumba bure? Siku moja, jua la saa nane, simu ya nyumba ikaita mara moja ikakata. Tukatazama: Bibi. Tukakimbia chumbani, mioyo juu. Tukamkuta amekaa, ametulia, ameishika simu kama tasbihi.

"Nimewabipu," akasema. "Moja ni maji. Mbili ni njooni mnigeuze. Tatu mwiteni kaka yenu, nina jambo."

Mdogo wetu alikuwa amemfundisha kubonyeza namba moja kwa muda mrefu mpaka ipige. Namba moja ni simu ya nyumba. Mengine aliyaunda yeye. Bipu haina gharama, haihitaji fundi, wala waya ukutani. Siku hizi anaitumia kwa mambo tusiyoyataraji: samaki wa kukausha waondolewe, anasikia harufu ya mvua, mtoto wa jirani analia sana, nendeni mkamtazame, nani ameacha mwiko ndani ya chungu? Wifi anasema tumejiletea mwenye amri.

Bi mdogo wa Kivinje hakurudi kwa haya yote. Tukimtazama Bibi jioni, simu iko dirishani kwake upande wa Masoko, tunajua anangoja namba ambayo haitapiga tena. Wiki iliyopita saa tano za usiku simu yake iliita. Tulikuwa tumelala. Tulisikia ikiita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, tukaanza kuamka, na kabla haijahamia ukumbini tukasikia sauti yake mwenyewe, ya usingizi, ikisema, "Haloo, mimi hapa." Alikuwa mpwa wake wa Kivinje, mtoto wa marehemu, mkewe amejifungua salama hospitalini Kinyonga, mtoto wa kike. Alitaka Bibi awe wa kwanza kujua.

Kwa hiyo wapenzi wetu, kabla ya kununua simu nyingine, kaeni chini nyumbani kwenu mhesabu zilizopo. Kisha mwulizeni mzee wenu: khabari yako ikija usiku, inapitia mkononi mwa nani? Kama jibu lake ni kunyamaza, mnajua pa kuanzia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape umri mwema wazee wetu waliobaki, na atujaalie tuwe watu wa kusikia hodi. Amin. Tukutane tena inshaAllah.